Alpi kwa gari siku saba, nipo na mama mwenye magoti mabovu: tusimame wapi ambapo hapajajaa watu?

Ua_la_Asubuhi aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaozijua barabara za Alpi.

Naishi kusini mwa Ujerumani na mume wangu na binti yetu wa miaka minane. Mwishoni mwa Juni mama yangu anakuja kututembelea, na ameomba kitu kimoja tu: aione milima yenye theluji kwa karibu. Magoti hayampi raha. Anatembea mita mia mbili, mia tatu, anakaa, kisha anaendelea. Ngazi nyingi hawezi.

Mwaka jana mimi na mume wangu tulikwenda Lago di Braies, lile ziwa la Italia. Tulifika saa tano asubuhi, tukapanga foleni ya kuingia maegesho, tukapanga foleni nyingine kwenye gati la mitumbwi ili tupige picha. Lauterbrunnen, kule Uswisi, tulizunguka na gari mpaka tukakata tamaa, tukaondoka bila kushuka. Sitaki mama yangu asafiri mbali namna ile aje kutazama migongo ya watu.

Tuna siku saba, gari dogo la kawaida, gia za mkono. Mpango wangu ni Bregenz, Chur, halafu Ziwa Como, kisha kurudi kwa barabara ya mlima ya Stelvio na Tirol Kusini. Nikitafuta mtandaoni "sehemu zilizojificha" naletewa zilezile kumi. Ninyi mnazipataje zenu? Na kwenye njia hiyo mngesimama wapi?

Kijana_wa_Vilima alijibu:

Dada, Stelvio nimepita mara mbili. Ni mita 2,757, kona 48 upande wa Prato, na mandhari kweli ni ya kusimulia. Ila Jumamosi na Jumapili pikipiki ni nyingi mno, na juu pale ni vibanda na maegesho. Ukitaka kuionja, nenda siku ya kazi asubuhi, upandie barabara ya Umbrail, kutoka upande wa Uswisi. Barabara hiyo ilikuwa na kipande cha changarawe mpaka 2015, sasa yote ni lami, na magari ni machache kuliko upande wa kona 48.

Dereva_wa_Mashuka alijibu:

Dada yangu, pole kwa ya Braies. Swali lako limenigusa kwa sababu ya huyo mama.

Mimi viangazi sita niliendesha vani ya kiwanda kimoja cha kufua nguo. Nilikuwa napeleka mashuka na taulo safi kwenye hoteli za milimani huko Graubünden, jimbo la Uswisi, narudi na machafu. Nilikuwa na saa za kufika, sikuwa na muda wa kutalii. Lakini ukipita barabara ileile mara mbili kwa wiki, unaanza kuona wenyeji wanasimama wapi, na kwa nini pale na si mahali pengine. Ndiyo maana nakuambia: anza na barabara, mahali patakuja penyewe.

Nina alama mbili ninazozitafuta. Ya kwanza ni handaki. Kila palipochimbwa handaki jipya, barabara ya zamani imebaki nje, inazunguka mlima, na magari karibu yote yamehamia ndani. Pale Gotthard, kwa mfano, watu wanapita chini ya mlima kwa haraka zao, na juu ipo Tremola, barabara ya mawe yaliyopangwa kwa mkono yenye kona 24, na wengi hawajui kama inapitika.

Ya pili ni basi la njano la posta. Fungua ramani ya Swisstopo, ile ya serikali ya Uswisi, ipo bure mtandaoni. Tafuta bonde ambalo barabara yake inaishia juu na haitokei upande wa pili. Kama basi la njano linafika mwisho wa barabara hiyo, gari lako nalo litafika, na pale linapogeuzia kwa kawaida utapata nafasi ya kusimama na benchi. Bonde lisilo na mlango wa pili halina wapita njia, na aliyeko humo amekuja kwa makusudi.

Sasa njia yako. Ningekuwa mimi, Como ningeiacha. Ni pazuri, sibishi, lakini barabara ya kando ya ziwa ni nyembamba, na siku yako moja nzima itaishia kutafuta maegesho. Hiyo siku mpe mama bonde la Avers.

Ukitoka Chur, iache barabara kuu ya A13 ukifika Thusis, ushike ya zamani inayopita Via Mala. Ni korongo ambalo kuta zake karibu zinagusana, na mto Rhine ya Nyuma unapita chini kabisa kama uzi. Kuna ngazi zaidi ya 300 za kushukia, na kiingilio. Mwachie mumeo na mtoto hizo. Mama anaweza kuangalia akiwa juu darajani na asipungukiwe na kitu.

Dakika chache mbele ni Zillis. Usipite bila kusimama, hata mvua ikinyesha, na hasa mvua ikinyesha. Kanisa la Mtakatifu Martin kwa nje ni kanisa la kijiji tu. Ndani, dari lote ni mbao zilizochorwa katika karne ya 12, vipande 153, kila kimoja na picha yake. Katikati ni maisha ya Yesu. Vya pembeni ni bahari yenye viumbe wa ajabu, nusu samaki nusu mnyama mwingine. Ukiingia kuna vioo vya mkononi: unakishika kifuani, unatazama chini, na dari linakujia mkononi. Mama atakaa kwenye benchi la kanisa, shingo haiumi, magoti hayaumi. Nimewahi kumkuta mzee mmoja amekaa hapo na kioo chake asubuhi, nikapeleka mzigo wangu, nikarudi, bado yupo.

Halafu Avers. Unaiacha A13 kwenye njia ya kutokea ya Avers/Rofla na kupanda kilomita kama 25. Mwanzo ni msitu na mto na kuta za mawe, mtoto atasema anaona giza. Kisha ghafla miti inaisha. Inabaki nyasi, anga, na nyumba chache zilizotawanyika. Pale Cresta kuna kanisa jeupe limesimama peke yake mbali kidogo na nyumba, na mimi alasiri ya kila Alhamisi nilikuwa nala chakula changu hapo. Mwisho wa barabara ni Juf, mita 2,126, kijiji kinachohesabiwa kuwa cha juu kuliko vyote Ulaya vinavyokaliwa mwaka mzima. Waliokifungua ni Wawalser, watu wa Kijerumani cha milimani. Kwa kuwa kuni hakuna, walikausha samadi ya kondoo wakaikata vipande kama matofali, ndiyo ikawa moto wao wa majira ya baridi. Mama hahitaji kupanda popote. Akishuka garini, theluji iko mbele yake kwenye vilele, na mwishoni mwa Juni maua yamejaa mpaka ukingo wa lami.

Jambo moja hapo naomba sana: majani hayo marefu ni chakula cha ng'ombe cha miezi yote ya baridi. Msiingie ndani kupiga picha. Yakilazwa na miguu, mashine ya kukata haiyashiki vizuri. Kaeni njiani au kwenye benchi.

Laleni Splügen, kijiji cha chini ya mlima, na asubuhi vukeni mlima kwenda Italia. Juu ni zaidi ya mita 2,100. Upande wa pili unakutana na Montespluga, nyumba chache za mawe kando ya bwawa, upepo mkali, na kimya ambacho mimi nilikipenda. Kunyweni kahawa hapo. Kuteremka kuelekea Pianazzo ndiko kugumu: kona zinapandiana juu ya ukuta wa mwamba, na kuna mahandaki membamba ya zamani. Nenda taratibu, na kabla ya saa tatu asubuhi ikiwezekana.

Chiavenna pale chini joto litawapokea. Wenyeji wana vyumba wanavyoviita crotti, mashimo ya asili kati ya mawe makubwa ya maporomoko ya kale, ambayo hupumua hewa ya baridi mwaka mzima. Wanaweka humo mvinyo na jibini. Vingine ni mikahawa, na ukisogeza mkono kwenye ufa wa mwamba unausikia upepo. Kilomita chache mbele, kando kabisa ya barabara, kuna maporomoko ya maji ya Acquafraggia, mapacha, yanashuka kwenye uwanja wa nyasi. Leonardo da Vinci aliyataja katika maandishi yake. Mama akae kwenye nyasi, mtoto alowe. Eneo hilo hilo ulikuwepo mji wa Piuro, uliofukiwa na mlima mwaka 1618.

Kisha Soglio, na hapa nisikilize vizuri. Kama una nafasi ya kusimama mahali pamoja tu katika safari yote, simama hapa. Ni kijiji cha Uswisi juu ya bonde la Bregaglia, karibu mita 1,100, nyumba za mawe zimebanana, vichochoro vya upana wa punda. Mbele yake, ng'ambo ya bonde, inasimama safu ya Sciora na Piz Badile na Piz Cengalo, mawe ya kijivu yaliyochongoka, barafu katikati. Mchoraji Giovanni Segantini alikuwa akija kukaa hapo wakati wa baridi. Ukimtazama Cengalo utaona kovu jeupe, pale mlima ulipoporomoka tarehe 23 Agosti 2017. Wapanda milima wanane walipotea, na matope yakafika mpaka kijiji cha Bondo chini. Wenyeji wakikuonyesha kovu hilo, wanakuonyesha msiba wao.

Nendeni jioni. Jua linaondoka bondeni mapema, lakini vilele vinabaki na mwanga kwa muda mrefu, vinageuka rangi ya chungwa, kisha waridi. Magari ya wageni yanabaki kwenye maegesho ya mlangoni mwa kijiji.

Kutoka hapo unapanda Maloja, mita 1,815. Huo ni mlima wa upande mmoja. Unapanda kona kwa kona kama unapanda ukuta, unafika juu, unasubiri kushuka, na kushuka hakupo: ziwa la Sils liko pale pale, sawa na barabara. Njia ya kando ya ziwa ni tambarare, mama anaweza.

St. Moritz pita tu. Hali ya hewa ikiwa nzuri, geuka La Punt uupande mlima Albula na ushuke kidogo upande wa pili mpaka Lai da Palpuogna, ziwa dogo la kijani ndani ya msitu, dakika chache kwa mguu kutoka barabarani. Ikiwa mawingu yamekaa, usihangaike nalo, bila jua maji yake hayasemi kitu. Nenda moja kwa moja Guarda, ambako kuta za nyumba zimekwaruzwa michoro: wanapaka chokaa juu ya lipu nyeusi, na kabla haijakauka wanaikwangua mpaka ya chini itokeze. Salimuni "Allegra", ndivyo wanavyosalimiana.

Kurudi: Zernez, halafu barabara ya mlima ya Ofen katikati ya hifadhi ya taifa ya mwaka 1914, ya kwanza katika Alpi. Maegesho yake yana namba, simameni kwenye yoyote na darubini asubuhi mtafute paa wa milimani. Kisha Müstair, monasteri ya watawa yenye michoro ya ukutani ya mwaka 800 hivi, na watawa bado wanaishi humo. Kisha Glorenza, mji mdogo kabisa uliozungukwa na kuta zake zote. Mnara wa kanisa ndani ya ziwa la Reschen mtauona mkipita. Ni maarufu, una watu, lakini uko kando ya barabara na mama ataupenda.

Ua_la_Asubuhi aliandika:

Kaka, sijui nikushukuruje. Nimemsomea mume wangu yote, Como tumeshaifuta. Kinachonipa hofu ni barabara nyembamba. Nikikutana na hilo basi la njano kwenye kona nifanye nini? Na ushuru wa barabara ukoje?

Dereva_wa_Mashuka alijibu:

Hofu yako ni ya mtu mwenye akili, dada. Nitakuambia ninavyofanya.

Basi la posta lina honi ya sauti tatu. Ukiisikia kabla ya kona, tafuta pembeni papana na usimame hapo hapo, usisogee mpaka kwenye kona. Ukiona kibao cha bluu chenye tarumbeta ya njano, hiyo ni barabara ya posta ya milimani: basi lina haki ya njia, na dereva wake akikupa ishara ya mkono unatii. Akikuambia rudi nyuma, rudi. Akikuambia njoo, njoo, hata kama kwa macho yako nafasi haitoshi. Amekaa juu kuliko wewe, anaona ukingo, na kazi hiyo anaifanya kila siku. Siku yangu ya kwanza Avers niligoma kurudi nyuma kwa woga. Dereva alishuka, akanielekeza kwa mikono sentimita kwa sentimita, na hakunifokea.

Mkikutana magari madogo, anayeshuka ndiye anayesimama mapema. Ikibidi mmoja arudi nyuma, ni anayeshuka, isipokuwa yule anayepanda yuko karibu zaidi na nafasi ya kupishana.

Kushuka, tumia gia ileile ambayo ungeitumia kupanda. Breki igonge kwa nguvu kisha uiachie, usiikalie njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, iache ipoe bila kumwagia maji. Na taa ziwake hata mchana, Uswisi ni sheria.

Stika ya barabara kuu za Uswisi ni faranga 40, hakuna ya wiki moja. Inaanza tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia hadi 31 Januari ya mwaka unaofuata, na siku hizi unaweza kuinunua kwa intaneti kwa namba ya gari. Vipande vingi nilivyokutajia si barabara kuu, lakini kufika Chur kwa A13 utaihitaji. Austria wana stika yao, ipo hata ya siku moja. Mkirudi kwa Landeck, handaki la Arlberg lina ushuru wake peke yake, ila barabara ya zamani ya juu, mita 1,793, ni bure. Umeshajua mimi ningepita wapi.

Kila mlima una ubao chini yake unaoonyesha kama barabara ya juu iko wazi au imefungwa. Usome kabla ya kupanda. Theluji ya Juni ipo.

Bibi_wa_Rhone alijibu:

Mimi nauguza wazee huko Valais, jimbo jingine la Uswisi, nami niongeze, ingawa haiko kwenye njia yenu. Siku nyingine mkija upande huu, nendeni Derborence. Ziwa hilo lilizaliwa mwaka 1749, mlima ulipoanguka na kuziba mito. Msitu uliokua juu ya mawe hayo haujaguswa na shoka. Barabara inapita mahandaki yaliyochongwa ndani ya mwamba, nyembamba kweli, lakini gari dogo linafika karibu na ziwa. Kwa mtu asiyeweza kutembea kuna pia bwawa la Emosson, mita 1,930: unaegesha, unatembea kidogo, na Mont Blanc yote iko mbele yako ng'ambo ya bonde.

Kaka wa mashuka, umesema vizuri kuhusu majani. Asante.

Ua_la_Asubuhi aliandika, wiki tatu baadaye:

Tumerudi, na nimeona si vizuri kunyamaza.

Zillis ilinyesha mvua kama ulivyoiombea. Mama alikaa na kioo saa nzima na nusu. Alihesabu viumbe wa pembeni vyenye mkia wa samaki, akafika arobaini na kitu, akapoteza hesabu, akaanza tena. Binti yangu alimsaidia upande wa kushoto.

Siku ya Avers ilikuwa kavu. Miti ilipoisha mama aliniambia nisimamishe gari, sikuweza mara moja, nilisimama kwenye nafasi ya kupishana mbele kidogo halafu nikaona si halali, nikaenda mpaka Cresta. Tukakaa lile benchi. Juf tulikuta ng'ombe, maji yanayotiririka kila upande, na watalii wanne tu. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mfereji kando ya barabara, chafu kidogo, na mama aliishika kwa mikono miwili mpaka ikamponyoka yote.

Basi la njano tulikutana nalo tukishuka, mahali pabaya. Nilirudi nyuma kama mita thelathini. Dereva alipita akaweka mkono kifuani, binti yangu akampungia.

Montespluga ilikuwa ukungu mtupu, hatukuona hata bwawa. Soglio hatukupanda na gari letu. Kwa atakayesoma baadaye mwenye mzee: kuna basi la njano kutoka Promontogno, linapanda zile kona nyembamba lenyewe na kukushusha kijijini. Tulilala hapo usiku mmoja badala ya kupita. Ile rangi ya waridi ilikuja kama saa tatu kasoro usiku, ikakaa kwenye vilele dakika chache. Palpuogna tuliiacha, mawingu yalikuwa chini, tukafanya Guarda kama ulivyosema.

Kuna jambo sikulielewa kwenye maelezo yako nikalielewa nilipofika. Uliandika kwamba ulikuwa unakula Alhamisi pale kanisani Cresta. Ukutani upande wa kusini pana joto. Mama aliegemea pale akavua viatu.

Dereva_wa_Mashuka alijibu:

Ukuta huohuo, dada. Kuanzia saa nane mchana unapata jua mpaka jioni. Msalimie mama sana. Mwambie viumbe vyenye mikia viko kwenye karibu mbao zote za ukingoni, akirudi aanzie kona moja asiruke.